Karakul: Kijiji Kinachohesabu Moto

Wapandaji wa Mlima Kilimanjaro wanaopita njia ya Marangu hulala usiku wa pili katika kituo cha Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari. Hapo kichwa huanza kugonga, usingizi hukatika, na hatua kumi za kupanda humfanya kijana mwenye afya asimame ashike kiuno. Faraja yao ni kwamba baada ya siku chache watashuka. Katika milima ya Pamir, mashariki mwa nchi ya Tajikistani, kipo kijiji cha Waislamu kilichojengwa juu zaidi ya hapo, kwenye kimo cha mita 3,900 na ushei. Kinaitwa Karakul, kwa jina la ziwa lililo mbele yake. Watu wake hawashuki. Huko huzaliwa, husoma, huoa na kuolewa, hufuga, huzeeka na kuzikwa.

Njia kuu ya kukifikia ni moja. Ni barabara ya Pamir, ambayo serikali ya Kisovieti iliijenga katika miaka ya 1930 kuunganisha mji wa Osh, ulioko Kirigizistani ya leo, na mji wa Khorog ulio kwenye mpaka wa Afghanistani. Atokaye Osh hupanda mpaka Sary-Tash, hukata bonde pana la Alay, kisha huukabili mlima wa mpakani wa Kyzylart, ambao barabara huuvuka kwenye kimo cha karibu mita 4,280. Akishateremka upande wa Tajikistani, haoni msitu wala shamba. Huona changarawe, mchanga wa kijivu na vilele vyenye theluji, na kando ya barabara, kwa masafa marefu, uzio wa waya uliosimamishwa enzi za Kisovieti kwa ajili ya mpaka wa China. Upepo hauna cha kuuzuia. Baada ya hapo ndipo ziwa hujitokeza, na kwenye ukingo wake wa mashariki, nyumba za udongo zilizopakwa chokaa, zenye mapaa bapa na mabomba ya moshi.

Jina Karakul kwa Kikirigizi lina maana ya Ziwa Jeusi, ingawa siku ya jua kali maji yake huwa ya buluu iliyokolea kiasi cha kumfanya mgeni adhani macho yamemchezea. Eneo lake ni karibu kilomita za mraba 380. Mito midogo ya theluji huingia, lakini hakuna mto utokao, na kwa hiyo maji yake yana chumvi. Wanajiolojia wanaeleza kwamba bonde hilo lilichimbwa na kimondo kikubwa kilichoigonga ardhi katika zama za kale sana. Mwaka 1894 msafiri wa Kiswidi, Sven Hedin, alifika wakati wa baridi, akatoboa matundu kwenye barafu na kuteremsha kamba yenye uzito; ilishuka zaidi ya mita 230 kabla ya kugusa chini. Wakati wa kiangazi huja ndege wahamiaji kuzaa, miongoni mwao bata bukini wenye mistari myeusi kichwani, ambao huvuka Himalaya kila mwaka. Kwa ajili ya ndege hao ziwa liliandikishwa mwaka 2001 chini ya mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu, na mwaka 2013 hifadhi ya taifa inayolizunguka ikatiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ni heshima kubwa, bali haijampashia mtu chumba.

Na kupasha chumba ndiyo habari yenyewe ya Karakul. Mvua na theluji ya mwaka mzima huko haifiki milimita 100. Ni jangwa, isipokuwa ni jangwa la baridi. Majira ya baridi kipimo hushuka nyuzi 30 chini ya sifuri na zaidi, ziwa huganda, na ardhi hugeuka jiwe. Nafaka haiivi, mti hauoti. Mtu anayesoma habari za kijiji hiki akiwa Tanga au Mombasa hufikiri kwanza juu ya chakula, kwa sababu kwetu njaa ndiyo adui wa kwanza wa maskini. Huko unga huweza kuletwa kwa lori, ukahifadhiwa miezi. Adui wa kwanza ni jiko lililozimika.

Marco Polo, aliyepita Pamir katika karne ya 13, aliandika kwamba moto wa huko hauwaki kwa mwanga wala kuivisha chakula kama moto wa mahali pengine, akadhani sababu ni baridi. Aliona sawasawa, ila sababu ni kimo. Hewa ya pale ni nyepesi, oksijeni inayopatikana kwa kila pumzi haizidi theluthi mbili ya ile ya pwani, na maji huchemka yakifika nyuzi 87 hivi badala ya 100. Maana yake kwa mama wa nyumbani ni kwamba nyama inayoiva kwetu kwa saa moja huko hudai kuni za saa nyingi, na maharage yanaweza kutokota kutwa nzima yakabaki magumu. Mahali ambapo kuni ni haba kuliko kote, ndipo kila sufuria inapodai kuni nyingi kuliko kote.

Basi wanachoma nini?

Ipo mimea michache inayostahimili changarawe ile, na mkubwa wao ni kichaka kiitwacho teresken. Kwa juu si kitu cha kutazama, ni vijitawi vya kijivu visivyofika goti. Utajiri wake umo chini, katika mzizi mnene mgumu kama mti, na mzizi huo ndio unaowaka vizuri. Lakini kufikia unene wa kufaa jikoni, kichaka huhitaji miongo ya miaka. Kukikata matawi tu hakuleti faida. Ni lazima king'olewe, na kikishang'olewa kimekwisha. Tena teresken si kuni pekee, ni malisho. Theluji inapofunika nyasi, mifugo huishi kwa kutafuna vijitawi vyake. Anayeng'oa kichaka kwa ajili ya jiko la leo amemnyang'anya kondoo wake chakula cha mwakani, na udongo ambao mizizi ile ilikuwa imeushika unabaki mawindo ya upepo.

Wakirigizi wa Pamir walilijua hilo tangu zamani. Katika enzi za Kisovieti hawakuwa na haja kubwa ya mizizi, kwa kuwa makaa ya mawe, dizeli na unga vilipanda kwa malori kutoka Osh kwa gharama ya serikali. Moscow ilikuwa na maslahi yake: nchi ile ilipakana na China na Afghanistani, na mpaka wenye watu ni bora kuliko mpaka mtupu. Mifugo ilikuwa ya shamba la serikali, wachungaji walilipwa mshahara, na nyumba ikapata joto. Kwa upande wa dini zama hizo zilikuwa nzito, misikiti ikafungwa na elimu ya Qur'ani ikajificha majumbani. Mzee wa rika hilo akikumbuka ujana wake, huenda akakumbuka yote mawili kwa pamoja, jiko lenye makaa tele na sala ya kufichwa.

Mwaka 1991 dola hiyo ilivunjika. Malori ya makaa yakakoma, na mwaka uliofuata Tajikistani ikaingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyodumu hadi 1997. Pamir ikajikuta imekatwa. Wafugaji waliogawiwa mifugo ya lililokuwa shamba la serikali waliibadilisha kwa unga ili watoto wapate mkate. Kuanzia mwaka 1993 taasisi za Aga Khan, ambazo wasomaji wetu wa Afrika Mashariki wanazijua kwa hospitali na shule zake, zilileta chakula cha msaada katika mkoa mzima. Wakazi wengi wa mkoa huo ni Waismailia na Wakirigizi ni Masunni, na unga uliwafikia wote.

Unga ulipatikana, lakini makaa hayakurudi kama zamani. Ndipo watu wakaigeukia teresken kwa wingi. Hapo mwanzo iling'olewa karibu na makazi, kisha mbali kidogo, kisha wenye malori wakawa wanaifuata kilomita makumi na kuja kuiuza. Kando ya vijiji vya Pamir ya mashariki yapo maeneo mapana yaliyobaki mchanga mtupu. Wataalamu wa mazingira wamelilaumu jambo hili sana, na wana haki. Hata hivyo mimi husita kumlaumu mama mwenye mtoto mchanga ndani ya nyumba yenye baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri. Sisi tumeiteketeza misitu yetu kwa mkaa bila ya baridi yoyote kutusukuma.

Mafuta ya pili ya jikoni ni samadi, ambayo Wakirigizi huiita tezek. Mnyama wa huko ni yaki, jamaa wa ng'ombe mwenye manyoya marefu yanayoburura karibu na ardhi, anayetafuta malisho chini ya theluji na kuzaa kwenye vimo ambavyo ng'ombe wa kawaida angedhoofika. Yaki hutoa maziwa mazito, siagi, nyama, manyoya ya kusokota kamba, na mafuta ya jiko. Samadi yake na ya kondoo hukusanywa, hukaushwa juani majira yote ya joto na kupangwa kwa ustadi kama matofali, ili upepo upite na theluji ya kwanza isiiharibu. Huwaka polepole na kutoa joto la kuaminika. Kazi ya kuikusanya na kuigeuza juani kwa kiasi kikubwa ni ya wanawake na watoto.

Msomaji aliyelelewa katika madhehebu ya Imam Shafii ataguna hapa, na ni haki yake. Katika madhehebu yetu kinyesi cha mnyama ni najisi hata kama nyama yake ni halali, na majivu yake hayawi tohara kwa kuungua tu, ingawa moshi kidogo umesamehewa. Wakirigizi ni wafuasi wa Imam Abu Hanifa, na katika madhehebu hayo kauli inayofuatwa ni kwamba najisi iliyoungua ikawa majivu imegeuka kitu kingine, na kitu hicho ni tohara. Wakati mwingine tunazisoma tofauti za maimamu kana kwamba ni ubishi wa wenye nafasi. Katika nyumba ya Karakul tofauti hiyo ndiyo inayomwezesha mama kuoka mkate na kusali katika chumba kimoja bila wasiwasi moyoni.

Ibada nyingine nazo zimefinyangwa na baridi. Jikoni hapakosi birika la shingo ndefu, kumgan, lenye maji ya udhu yaliyopashwa moto. Kulijaza na kuliweka tayari kwa ajili ya mzee au mgeni ni adabu anayofundishwa mtoto mapema. Wazee huvaa viatu laini vya ngozi vifikavyo juu ya kifundo, na juu yake hupachika kaloshi za mpira. Mlangoni mwa msikiti kaloshi huvuliwa, viatu vya ndani hubaki. Hizo ndizo khuffu ambazo sisi huzisoma vitabuni katika mlango wa tohara na kuzipita haraka: aliyezivaa akiwa na udhu anapangusa juu yake badala ya kuosha miguu, mkaazi kwa mchana na usiku wake, msafiri kwa siku tatu. Huko pwani ni somo la mtihani wa madrasa, na kule ni vazi la kila siku. Vivyo hivyo kisa cha Amr bin al-As (R.A.), aliyepatwa na janaba katika usiku wa baridi kali kwenye msafara wa Dhatus-Salasil, akatayamamu na kuwasalisha wenzake, na Mtume (S.A.W.) alipoelezwa alicheka wala hakusema neno. Katika kijiji ambacho ndoo ya maji huganda ikiachwa nje, kisa hicho kinasikika kama habari ya jana.

Msikiti wa Karakul ni mdogo, wa udongo uliopakwa chokaa kama nyumba zinazouzunguka, na kibla chake kinaelekea kusini-magharibi. Wanaoingia humo ni wanaume watu wazima. Mwaka 2004 Baraza la Maulamaa la Tajikistani, lililo karibu na serikali, lilitoa fatwa ya kuwazuia wanawake kusali misikitini, na sheria ya mwaka 2011 kuhusu wajibu wa wazazi inawakataza walio chini ya umri wa miaka 18 kushiriki ibada za hadhara, isipokuwa mazishi. Sisi ambao watoto wetu hukimbilia chuoni alasiri na misahafu kifuani tunaipata shida kuielewa sheria kama hiyo. Matokeo yake ni kwamba namna ya kutia udhu, sura fupi na hesabu ya rakaa vimebaki kuwa kazi ya nyumbani, ya bibi na babu, na katika majira ya baridi nyumbani maana yake ni chumba kimoja chenye jiko.

Mazishi, ambayo sheria imeyaacha wazi kwa rika zote, ni mtihani wa aina yake. Maiti wa Kiislamu hucheleweshwi, lakini udongo wa Pamir wakati wa baridi huganda kwa kina kirefu, na mahali pengine tabaka la chini haliyeyuki hata kiangazi. Kuchimba kaburi na mwanandani katika ardhi hiyo ni kazi ya wanaume wengi kupokezana sururu, kila mmoja kwa dakika chache, kwa sababu pumzi haitoshi. Tunapofundishwa kwamba kuzika ni faradhi ya kutoshelezana, huko idadi ya watu wanaotosheleza inahesabika kwa vidole, nacho kijiji kizima kina watu mia chache tu.

Na watu hao wanapungua au kutawanyika. Vijana wengi wa Tajikistani huenda kufanya kazi Urusi, na wa Pamir hawakubaki nyuma. Kirigizistani nayo huwakaribisha Wakirigizi wa ng'ambo ya mipaka yake warudi kuwa raia, ikiwaita kairylman, na baadhi ya familia za Pamir zimeitika. Si uhamiaji wa kwanza. Mwaka 1978 Wakirigizi wa Pamir ya Afghanistani, wakiongozwa na khan wao Rahman Qul, walivuka kuingia Pakistani kukimbia mapinduzi ya kikomunisti, na katika miaka ya 1980 wengi wao wakapewa makazi mashariki mwa Uturuki, karibu na mji wa Van. Wafugaji wa ukoo mmoja leo wamegawanyika katika nchi nne au tano, kwa mistari ya ramani iliyochorwa na Warusi na Waingereza mwishoni mwa karne ya 19.

Kwa Karakul mstari unaouma zaidi ni ule wa Kyzylart. Ndugu wako upande wa pili, soko la Osh liko upande wa pili, na makaa ya mawe yako upande wa pili. Mwaka 2021, baada ya mapigano ya silaha kati ya Tajikistani na Kirigizistani kwenye bonde la Ferghana, mbali kabisa na Pamir, mpaka ulifungwa kwa raia wa nchi hizo mbili. Mapigano yakarudi Septemba 2022, makubwa zaidi. Watu wa Karakul hawakushiriki ugomvi ule wa maji na ardhi, lakini waliulipia. Harusi zilipita bila wajomba, na misiba bila wafiwa wa upande wa pili. Mkataba wa mpaka ulitiwa saini Bishkek tarehe 13 Machi 2025 na marais wa nchi zote mbili, na vituo vya mpakani vikaanza kufunguliwa tena.

Zipo dalili nyingine za nafuu. Paneli za jua huwasha taa na kuchaji simu, kwa kuwa jua ni kitu ambacho Pamir haikunyimwa, ingawa haziwezi kuendesha jiko. Kiangazi hupita waendesha baiskeli na pikipiki kutoka Ulaya, wakilala katika nyumba za wenyeji kwa malipo. Hupewa chai ya maziwa yenye chumvi na siagi, mkate, na kurut, vidonge vigumu vya maziwa yaliyogandishwa na kukaushwa, ambavyo mgeni huogopa kuvunjia meno. Huzisifia picha za machweo juu ya ziwa na kuondoka kabla ya Oktoba.

Wenyeji wao hubaki kuhesabu. Mahema ya sufu yamekwisha kushushwa kutoka malisho ya juu, yaki wamerudi karibu, na kabla ya theluji kufunga njia baba na mama husimama uani kutazama kilichopo: magunia ya unga ukutani, rundo la tezek kavu lililofunikwa, mzigo wa teresken uliofuatwa mbali, na makaa ya mawe, kama yamepatikana. Wanayagawa kwa miezi, kutoka Oktoba hadi Mei, wakitoa sehemu ya mgeni na sehemu ya jirani mjane. Kisha wanaamua ni vyumba vingapi vya nyumba vitafungwa mwaka huu, na watoto wangapi watalala chumba chenye jiko.